Mahari ya Saruji

Umar bin Habib alikuwa na ugonjwa wa masikio, na ugonjwa wenyewe alikuwa akijivunia. Hakuwa kiziwi, laiti angekuwa kiziwi, mambo haya yasingemfika. Ugonjwa wake ni kwamba hakuweza kusikia neno la Kiswahili limekosewa akaliacha lipite. Mtu akisema "kurara", yeye alisikia "kulala", na mdomoni likamtoka "kulala" kabla hajaufunga. Ukimwomba "tofari" alikuletea tofali, na juu ya tofali akakutwisha somo.

Kwao ni Kisenyi, katika nyumba kuukuu yenye baraza lililopasuka, si mbali na soko la Owino. Babu wa babu yake alifika Buganda na misafara kutoka pwani, akaoa, akazikwa hukohuko, na tangu siku hizo ukoo ule ulikuwa umeng'ang'ania vitu viwili tu: sala na lugha. Marehemu Habib, babake Umar, akaongeza cha tatu, uashi. Alipokufa, Umar hajatimiza miaka thelathini, alimwachia mwiko, pima maji, mafundi wachache wa kumfuata, na watu wawili wa kuwatunza: mama yake Bi Nusura, na dada yake Rahima, mshonaji. Kwa sheria ya dini, Umar ndiye alikuwa walii wa Rahima. Hapana mwanamume ambaye angemwoa binti yule bila kupitia mkononi mwake.

Katika mafundi wake, mkubwa alikuwa Mzee Sulaimani, Mganda mwenye mvi aliyemfundisha Umar kushika mwiko tangu akiwa na meno ya utoto. Umar alimheshimu kwa kila kitu isipokuwa matamshi.

"Umaru, nipe lula."

"Rula, Mzee Sulaimani. Ru-la."

"Ukuta umenyooka, haukunyooka?"

"Umenyooka."

"Basi, ssebo, bwana wangu, niache na lula yangu."

Mafundi walicheka, na Umar alicheka zaidi yao, kwa sababu alijua yeye ndiye aliyesema sawa.

Miaka ile, miaka ya utawala wa wanajeshi, saruji ilikuwa imegeuka kitu cha kuzungumzwa kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepotea. Maduka ya Wahindi waliofukuzwa yalikuwa yamegawiwa watu wenye bunduki, ambao hawakujua msumari unauzwa kwa uzito au kwa urefu. Walipomaliza kuuza kilichokuwa kwenye rafu, waliuza rafu. Aliyetaka kujenga alihitaji kibali, na mwenye kibali ni mwenye nyota begani. Umar aliichukia hali ile. Alikuwa na mikono inayoweza kuinua nyumba, na mikono hiyo ilikuwa inaziba nyufa kwa udongo.

Ndiyo maana Kapteni Kamis alipomtuma dereva amwite kwa kazi ya kuongeza vyumba, Umar hakuuliza maswali mengi.

Nyumba ilikuwa Makindye, juu mlimani, nyumba nzuri ya Mhindi mmoja aliyeondoka na sanduku moja na watoto wanne. Kapteni alipewa na serikali. Watu walisema hivyo, "alipewa", kana kwamba nyumba ilianguka kutoka mbinguni. Sasa alitaka kuiongeza kwa nyuma. Siku moja alikuja mwenyewe Kisenyi kukubaliana, akaketi barazani, bastola kiunoni, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Mimi nataka chumba ya kurara, mbiri," alisema. "Na jiko ya wanawake. Kwa bibi."

"Vyumba viwili vya kulala," alisema Umar.

Dereva aliyesimama karibu na gari aliacha kutafuna. Kapteni alimtazama Umar, akaangua kicheko.

"Wewe fundi ao mwalimu?"

"Fundi, afande."

"Basi jenga, usifundishe."

Rahima alikuwa pembeni na cherehani yake, akishona sare za shule. Alinyanyuka, akaleta kahawa, akainama kwa adabu.

"Afande anakunywa na sukari?" aliuliza. "Sukari hakuna. Nimeuliza kwa heshima tu."

Kapteni alicheka tena, safari hii bila kelele, na macho yake yakamfuata Rahima mpaka alipoketi kwenye cherehani. Umar hakuyaona macho yale. Alikuwa anachora vyumba viwili kwa kijiti mchangani.

Msingi ulipokuwa umekwisha kuchimbwa, lori la jeshi likasimama mbele ya nyumba ya Kisenyi. Si Makindye, Kisenyi. Ndani yake mlikuwa na mifuko ya saruji iliyopangwa mpaka juu, na mabati mapya yanayong'aa hata yakaumiza macho. Majirani walitoka milangoni, wakarudi ndani haraka, wakachungulia. Kapteni Kamis alishuka akiwa amevaa kanzu na kofia, na pamoja naye wazee wawili, nao na kanzu zao. Umar alidhani wanatoka msikitini, na kwamba wazee wameomba usafiri. Akili yake yote ilikuwa kwenye saruji. Aliigusa mifuko kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe wake aliyepotea akarudi.

Kapteni alisimama wima kama yuko kwenye gwaride. Alikohoa.

"Umar," alisema polepole, "hii yote ni ya mahari."

Umar alitabasamu. Mtu anayelala akasema anarara, mahali atapaitaje?

"Ya mahali, afande," alisema kwa upole.

"Mahari."

"Sawa, afande. Mahali."

"Umepokea?"

"Nimepokea kwa mikono miwili."

"Alhamdulillahi," walisema wale wazee wawili pamoja. Umar aliona ajabu kidogo watu kumshukuru Mungu juu ya saruji, lakini mwaka ule hata yeye angemshukuru. Kapteni alimshika mkono, akautikisa kwa nguvu, akamkabidhi Bi Nusura mfuko wa sukari, na Bi Nusura, ambaye hakuwa ameonja chai tamu tangu mwezi wa Ramadhani, alimwombea dua ndefu. Rahima hakuwapo. Alikuwa Owino kutafuta nyuzi.

Lori lilipoondoka, Mzee Sulaimani alikuna kidevu.

"Umaru, kwa nini ameleta hapa? Nyumba iko Makindye."

"Pale hakuna stoo. Askari wa zamu watauza yote. Hukumsikia? Amesema ni ya mahali, yaani ya mahali pa kazi. Tuitunze hapa, tupeleke kidogo kidogo."

"Mimi nilisikia kitu kingine."

"Mzee Sulaimani, kwa heshima zote," alisema Umar, "wewe na Kapteni mna sikio moja."

Mzee Sulaimani alinyamaza. Baadaye Umar angeukumbuka ule unyamavu, na angetamani kurudi nyuma ajipige kofi.

Kapteni alitumwa kaskazini kwa kazi za jeshi, na katika kutokuwapo kwake vyumba vilipanda. Umar alijenga kama aliyefunguliwa kifungoni. Alichanganya saruji na mchanga kwa kipimo cha marehemu baba yake, bila kudokoa, bila kulegeza, ingawa kila fundi mjini alikuwa akiiba mfuko mmoja katika mitatu na kuuuza gizani. Uzi wa timazi uliponing'inia kwenye kona haukuachana na ukuta. Plasta ilikuwa laini kama shavu. Mabati alifunga kwa misumari yenye kofia, na jiko la wanawake alilipa dirisha kubwa upande wa ziwa, maana aliwaza mke wa mtu atakayesimama pale kutwa, mumewe na awe yeyote.

Kapteni aliporudi, alizunguka vyumba vile akivipigapiga kwa kiganja. Umar alisimama karibu, kifua mbele.

"Kazi nzuri," alisema Kapteni. "Bibi atafurahi. Sasa ile mahari, umeuza ama umeweka?"

"Mahali papi, afande?"

"Simenti. Na bati."

"Ndiyo hii, afande. Umeiegemea."

Kapteni aliondoa mkono ukutani. Aliutazama ukuta, akamtazama Umar, akainua macho kwenye mabati.

"Hii nyumba ina simenti yake. Iko stoo ya kambi. Niliacha amri ukija upewe. Hukuja. Nikasema, huyu kijana ana ya kwake." Alianza kucheka. "Umechukua mahari ya dada yako, umenijengea mimi nyumba?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi. Umar alihisi damu ikimtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye pipa lililotobolewa.

"Afande, mahari gani? Mimi nilisikia mahali."

Kicheko kikakatika.

"Sikia," alisema Kapteni, na sauti yake sasa ilikuwa ya chini. "Lile neno nilifundishwa na mama yangu mdogo. Wiki nzima. Ri na li kwangu huchanganyika. Ri, ri, ri, kama mtoto wa madrasa. Kwa sababu nyinyi watu wa Kisenyi mnatucheka. Mnasema sisi Kiswahili yetu ni ya kambi. Nikasema, siku ya posa nitatamka sawa. Nilitamka sawa?"

Umar aliangalia chini, kwenye msingi wa ukuta wake.

"Nakuuliza, mwalimu. Nilitamka sawa?"

"Sawa, afande."

"Mbele ya wazee wawili ulisema umepokea. Ulisema uongo?"

"Sikusema uongo, lakini—"

"Basi imekwisha. Nyumba ni yake. Arare humu." Alisema neno hilo vibaya kwa makusudi, akimtazama Umar machoni, akingoja asahihishe. Umar hakusahihisha. "Ijumaa, baada ya sala, nakuja Kisenyi na shehe na Landrova. Kwa heshima. Ningeweza kuja bila heshima. Unajua hivyo?"

Umar alijua hivyo. Kila mtu Kampala alijua hivyo.

Aliteremka mlima kwa miguu. Hasira zilikuwa zimemjaa mpaka hakuona njia. Kwanza alimtukana Kapteni kimoyomoyo kwa kila tusi alilolijua, na alijua mengi, na ya ufasaha. Kisha matusi yakageuka yakamrudia. Mtu yule hakumdanganya. Hakumwibia. Alisimama mbele yake, akatamka neno lililo sahihi, na yeye Umar, mwana wa Habib, mwenye lugha, akaliharibu kwa masikio yake mwenyewe, akacheka, akapokea kwa mikono miwili. Kwa mikono miwili! Alipiga teke jiwe, kidole kikapasuka, akaendelea kutembea.

Nyumbani alisimulia kwa maneno machache. Bi Nusura alijishika kichwa. Rahima alikuwa anakata kitambaa. Mkasi ulisimama katikati.

"Rudia," alisema.

"Alisema mahari. Mimi nikasikia mahali."

"Hapo nimekuelewa. Rudia ile ya kwamba umepokea."

"Rahima, sikujua—"

"Mahari ni ya nani, kaka?"

"Ni ya bibi harusi."

"Na mimi niliulizwa na nani?"

Umar aliutazama mkasi.

"Nauliza! Yeye hakuniuliza, anayo bunduki. Wewe je? Lori limesimama mlangoni kwetu limejaa saruji, wazee wamevaa kanzu, mtu anamnunua mama yangu kwa sukari, na wewe unasahihisha herufi! Ungeambiwa 'nimekuja kukuua' ungemwuliza ni kwa herufi gani?"

"Rahima," alisema mama yao, "punguza sauti. Majirani."

"Sipunguzi, mama! Majirani waliona lori. Majirani walielewa. Mzee Sulaimani alielewa, na yeye anasema 'lula'! Mjini kote ni mmoja tu ambaye hakuelewa, na ndiye walii wangu."

Umar alitamani apigwe kuliko kusikia yale. "Nitazungumza naye. Nitamwambia—"

"Utamwambia nini? Kairudishe. Mahari ambayo mwanamke hajaitaka inarudishwa."

"Haiwezi kurudi. Iko ukutani."

Rahima aliurusha mkasi juu ya meza.

"Wewe si kontrakta? Kaitoe ukutani."

Alilisema kwa hasira, kama mtu anavyomwambia mwenzake akajitupe ziwani. Lakini Umar alilisikia kama lilivyo, na kwa mara ya kwanza siku ile kifua chake kikapata pa kuvuta pumzi.

"Hiyo naweza," alisema.

Bi Nusura aliwatazama watoto wake wawili, mmoja baada ya mwingine. "Mtatuua," alisema. Halafu akaenda kufungua sanduku la nguo, kwa kuwa alikuwa na dada yake Kisumu, na basi la Busia huondoka alfajiri.

Rahima alikataa kwanza. Hakuiba, alisema, hata akimbie kama mwizi. Nani aliyetenda kosa? Aliyetenda kosa ndiye akimbie. Mama yake hakubishana naye. Alikunja nguo tu, moja baada ya nyingine. Mwishowe Rahima alifungua kichwa cha cherehani kutoka kwenye meza yake, akakizungushia kanga, akakiweka kando ya sanduku.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini irudi mikononi mwake, mbele ya watu. Sitaki mtu aseme kesho kwamba Rahima binti Habib alikula mahari akatoroka. Unasikia, kaka? Ukimaliza, uje. Usipomaliza, usije."

Ijumaa, basi lilipokuwa likitoka na mama na dada yake, Umar alikuwa amekwisha kufika Makindye na nyundo kubwa, mtaimbo na tindo. Kapteni alikuwa kambini. Askari wa zamu langoni alimjua, akampisha. Nyuma ya nyumba alimkuta Mzee Sulaimani amekaa juu ya ndoo, nyundo yake magotini.

"Sikukuita," alisema Umar.

"Sikuja kwa ajili yako. Rahima ameniambia. Nilimbeba akiwa mchanga. Panda, toa bati."

Walianza juu, kama inavyotakiwa. Umar hakutaka kuvunjavunja ovyo kama mlevi. Aling'oa misumari, akashusha mabati moja moja, akayapanga uani yakaegemeana. Kenchi, zile mbao za paa, wakazishusha. Askari wa zamu alikuja akisugua macho.

"Kwani mnabomoa?"

"Kuna kosa," alisema Umar.

"Kosa ya nani?"

"Langu."

Askari alitikisa kichwa akarudi langoni. Kosa la fundi halikuwa habari kwake.

Kuta ndizo zilizomtesa. Umar aliinua nyundo akapiga, nyundo ikamrukia. Akapiga tena, likatoka pande dogo kama ukucha. Ukuta ulikuwa mgumu kama chuki, na aliyeufanya mgumu ni yeye. Kila kipimo alichokuwa mwaminifu nacho sasa kilimkebehi. Angaliiba kama wengine! Angalilegeza kama wengine! Alipiga akiukasirikia uaminifu wake, alipiga akimkasirikia Kapteni, alipiga akilikasirikia lile jeshi lililofundisha mji mzima kupokea kila kinacholetwa na lori bila kuuliza. Viganja vilichubuka, vikavuja damu, mpini ukawa unateleza. Mzee Sulaimani kwa upande wake alipiga taratibu, kwenye viungo, akihema.

Adhana ya Ijumaa ilisikika kutoka bondeni. Jiko lilikuwa limelala chini. Chumba kimoja kilikuwa kifusi. Cha pili kilibaki ukuta mmoja.

Hawakusikia Landrova. Walisikia mlango wa gari, kisha mwingine. Kapteni Kamis alitokea kwenye pembe ya nyumba akiwa na kanzu nyeupe, joho jeusi juu yake, na manukato yaliyomtangulia. Nyuma yake alikuja Shehe Uthman wa Kisenyi, mzee mwembamba aliyekuwa ametolewa msikitini moja kwa moja, wale wazee wawili wa siku ya lori, na meja mmoja mnene mwenye fimbo, mkubwa wake Kapteni, aliyealikwa kula wali wa harusi. Walipita kuonyeshwa vyumba vya bibi harusi kabla ya kwenda kumchukua.

Vumbi lilikuwa bado linashuka, likatua juu ya joho jeusi.

"Nini hii?" alisema Kapteni.

Umar aliiweka nyundo chini. Alijipangusa uso kwa mkono, akajipaka damu bila kujua.

"Assalamu alaikum, Shehe," alisema. "Umekuja wakati mzuri. Wazee wangu hawa wawili walikuwapo nilipopokea. Nataka wawepo ninaporudisha. Kapteni, mahari yako hii hapa. Mabati yale pale, hesabu. Saruji ni hii uliyoikanyaga."

"Umevunja nyumba yangu!"

"Nyumba yako ni ile iliyo mbele, sijaigusa. Hii ni mahari. Ulisema mwenyewe, nyumba ni yake. Yeye hataki."

Kapteni alivuka kifusi kwa hatua mbili, akachomoa bastola chini ya joho. Kitako cha bastola kilimpiga Umar juu ya sikio, akaanguka kwa magoti. Mkono wake wa kulia ukatua juu ya matofali, na buti likatua juu yake. Alisikia kitu kikikatika ndani ya vidole. Hakulia. Alikuwa na hasira iliyoacha maumivu yakingoja zamu yao.

"Shehe," alisema akiwa chini, "muulize. Bibi harusi aliulizwa?"

Shehe Uthman alimtazama Kapteni, akaitazama bastola, na ikaonekana wazi kwamba angependa kuwa mahali pengine popote duniani.

"Aliulizwa, mwanangu?" alisema kwa sauti iliyopasuka.

"Walii amepokea!" alifoka Kapteni. "Hawa ni mashahidi!"

"Walii amepokea," alisema Shehe. "Na... na walii amerudisha. Nimeona. Na hawa wameona." Akamgeukia Kapteni. "Mimi siwezi kufungisha, afande. Nipige ukitaka. Haitakuwa ndoa."

Mmoja wa wale wazee aliinamisha kichwa. Mwenzake naye akainamisha.

Kapteni aliubana mdomo wa bastola kwenye kisogo cha Umar. Umar alihisi baridi ya chuma, na ndani ya ubaridi ule akawaza jambo moja tu: basi la alfajiri. Jinja limepita. Iganga limepita. Saa hizi, kama barabara ni nzuri na vizuizi si vingi, lipo Busia, au limebakiza kidogo.

"Msichana mwenyewe yuko wapi?" aliuliza yule meja. Ilikuwa mara ya kwanza kusema.

"Amekwisha kuvuka mpaka, afande," alisema Umar. Hakujua kama ni kweli. Alilisema kama mtu anayeusukuma mlango kwa bega.

Meja alilitazama joho lenye vumbi. Alitazama rundo la matofali, na jiko lisilo na kuta, na dirisha kubwa limelala chali likitazama mbingu. Tumbo lake lilianza kutikisika kabla ya sauti kutoka.

"Kamis," alisema, "bibi amekwenda Kenya, nyumba imekwenda chini. Wewe leo unaoa nani? Unaoa kifusi?"

Akacheka. Alicheka mpaka akajishikiza kwa fimbo. Askari wa zamu aliyekuwa amekuja mbio alianza naye kucheka, kwa sababu mkubwa akicheka askari hucheka, kisha dereva, kisha kicheko kikawa cha wote isipokuwa Shehe, wale wazee wawili, mafundi wawili na Kapteni mwenyewe. Kapteni alisimama na bastola yake. Kama angefyatua sasa, angekuwa mtu aliyemwua fundi kwa sababu amekataliwa na mshonaji, na hadithi ingefika kila kantini ya jeshi kabla ya jioni. Umar hakuuona uso wake. Aliona kanzu tu, ikitetemeka kwenye pindo.

"Utajenga tena," alisema Kapteni akiuma meno. "Utajenga yote."

"Lete saruji," alisema Umar.

Mzee Sulaimani alifumba macho. Lakini Umar alikuwa hawezi tena kujizuia. Maneno yalikuwa yamengoja tangu siku ile ya lori, na tangu kabla yake, tangu maduka yalipogawiwa, na yalitoka yenyewe.

"Lete saruji kama ipo Uganda hii. Na safari hii ukileta, usimletee mwanamume. Mpelekee mwenyewe, umwambie kwa mdomo wako unataka nini, usikie atakavyokujibu. Mimi nimemsikia. Hungependa."

Meja alizidi kucheka, akafuta macho kwa leso, akamnyooshea Umar fimbo.

"Wewe," alisema, "toka hapa kabla sijaacha kucheka."

Mzee Sulaimani alimnyanyua kwa kwapa. Walipita mbele ya Kapteni, karibu hata Umar akasikia manukato yake, wakapita kwenye pembe ya nyumba, wakatoka langoni. Mkono wa kulia ulining'inia ukiwa mzito, na sasa maumivu yalikuja yote kwa pamoja.

"Kimbia," alinong'ona Mzee Sulaimani. "Umaru, kimbia, nakuomba!"

"Sikimbii."

"Wataacha kucheka!"

"Nimesema sikimbii. Mimi sijaiba."

Akatembea. Alitembea katikati ya barabara, kichwa juu, damu ikimchuruzika shingoni, akiusikiliza kicheko kule nyuma kama mtu anavyosikiliza kamba inayomshikilia juu ya kisima. Bado kipo. Bado kipo. Bonde lilikuwa mbele, mji umetanda na mabati yake yenye kutu. Alihesabu kwamba akifika kwenye kona ya barabara bado kinasikika, atakuwa ametoka Makindye kama alivyoingia, kwa miguu yake, kwa mwendo wake.

Kicheko kilikatika kabla ya kona.

Umar alikimbia. Miguu iliamua yenyewe, ikamchukua ikamteremsha mlimani, huku Mzee Sulaimani akihema nyuma yake, huku mwenyewe akiushika mkono uliovunjika kwa ule uliopona. Na alilia sasa, kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakitoka sokoni, akijiapiza kwamba atafika Kisumu, atasimama mbele ya Rahima na kumwambia imerudi. Lakini kwamba alikimbizwa, yeye, katika mji alimozaliwa baba yake, hilo hatamsamehe mtu mpaka siku ya kufa.